Shingo ya Mama Mkwe

Kwenye mazishi ya Okware, mwaka jana huko karibu na Chakol, mshereheshaji alinipa dakika mbili. Alisimama pembeni yangu akiangalia saa yake kama mtu anayechemsha mayai, akaniambia mbele ya umati, "Mzee Barasa, wewe sema tu mlifanya kazi pamoja, halafu umshukuru Mungu, ukae." Basi nikasema tulifanya kazi pamoja, nikamshukuru Mungu, nikakaa. Nilikuwa na hasira mpaka chai ikanishinda kunywa. Okware hakuwa mtu wa dakika mbili. Lakini hata wangenipa mchana mzima nisingesema nililotaka kusema, kwa sababu linahusu shingo ya mama mkwe wake, na pale mbele walikuwa wamekaa wajukuu na vitukuu wa mama huyo, na mambo ya ukwe hayasemwi kwenye kipaza sauti. Nilipokuwa nikiondoka, Asekenye, mjane wa Okware, alinishika mkono. "Shemeji, hukusema," akaniambia. Nikamjibu kwamba nitaandika. Akasema niandike upesi, maana na sisi wawili tuko kwenye foleni.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa pili baada ya Uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kazi yangu ilikuwa kutembea. Nikiulizwa nilijibu kwa majivuno kwamba nimeajiriwa na serikali, lakini kwa kweli serikali iliajiri miguu yangu tu. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeingia mabondeni. Unaletwa na mbung'o, na mbung'o wa kwetu hawakai porini na wanyama. Wanakaa kwenye vichaka vya kando ya maji, pale pale watu wanapochota na kuoga. Kwa hiyo ilibidi mtu ashuke kila bonde na kila korongo linalomwaga maji yake katika mto Malaba, akamate inzi, ahesabu, aandike. Anayepita juu kwa lori akitoka Bumala kwenda mpakani huona nchi tambarare, pamba na mihogo mpaka macho yachoke, na atakuapia kwamba huku hakuna mlima wala shimo. Hajui kitu. Ukiacha barabara ukavuka shamba la mtama, ghafla ardhi inakatika mbele ya vidole vya miguu yako, na chini kuna mawe makubwa kuliko nyumba, mizizi inayoning'inia, na giza saa sita ya mchana. Nilizaliwa karibu na mabonde hayo na sikuwa nimewahi kuyaona. Niliyajua mwaka ule, na mpaka leo magoti yangu yanayakumbuka kuliko mimi.

Tulikuwa tukitembea wawili wawili. Anayetangulia hujifunga kitambaa cheusi mgongoni, maana mbung'o hupenda kitu cheusi kinachotembea. Wa pili anafuata na wavu mdogo wenye mpini, anamdaka inzi pale anapotua. Akichelewa, wa mbele anapiga ukelele, kwa sababu mbung'o haumi kama mbu. Anachoma kama sindano ya kushonea magunia. Mwenzangu alikuwa Okware, Mteso mwembamba, mkubwa kunizidi kwa miaka minne, mwenye maneno machache na kicheko kikubwa. Tulibadilishana kitambaa kila saa. Mtu ambaye umetazama mgongo wake siku nzima, kwa miezi, unamjua kuliko anavyojijua mwenyewe. Nilijua Okware akiwa na njaa, nilijua akiwa na hasira, na nilijua akiwa na woga, maana mabega yake yalipanda.

Tulipanga chumba kimoja Malaba, nyuma ya duka la mshona nguo, karibu na reli kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita, sufuria ilitembea juu ya meza na sisi tuliirudisha bila kukatiza mazungumzo. Upande wa pili wa ukuta walilala matanboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori ya Kampala. Ukuta ule ulizuia upepo tu, haukuzuia maneno. Jioni moja, tukiwa tunakula ugali na samaki wa kukaushwa, tulimsikia mmoja akisema, "Huko kwa mabonde ya Wateso iko inzi. Ikikuuma unalala, unalala, mpaka unasahau jina yako." Mwenzake akajibu, "Hiyo si ugonjwa. Hiyo ni kazi ya serikali." Wakacheka wote mpaka mmoja akapaliwa. Okware aliacha kula. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mzee wa ukoo wao aliyefungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba kwa sababu watu walidhani ana wazimu, na alikuwa na malale tu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule Okware alipeleka ng'ombe kwa kina Asekenye. Hakuwa na ndugu wa kiume, na desturi ilitaka ndugu. Akaniambia mimi ndiye nitakuwa ndugu yake. "Mimi Mmarachi, wewe Mteso," nikamwambia. "Nani ataamini?" Akasema, "Hawaangalii sura. Wanaangalia nani amekula kuku." Basi nikaenda, nikakaa juu ya ngozi, nikala kuku wa ukweni na ile atapa yao, ugali wa wimbi na muhogo, mweusi, wa kushiba siku mbili. Nilipomaliza, mjomba mmoja wa bibi harusi alininyooshea mfupa. "Wewe umekula," akasema. "Kutoka leo huyu mama ni mkwe yako pia. Usimuangalie kwa macho. Usikutane naye kwa njia. Na ukimgusa mwili, hiyo laana haitakuja kwako, itaenda kwa watoto wa huyu." Akamwonyesha Okware. Sikushangaa. Kwetu Marachi ni vivyo hivyo. Mama mkwe wa ndugu yako ni wako. Leo wajukuu wangu wanapiga picha na mama wakwe zao wakiwa wamekumbatiana, nami hugeuza uso nisione, wakadhani macho yameniharibikia.

Mama Asekenye alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwepesi wa miguu. Nasema hivyo kwa kuujua mgongo wake, kwa sababu uso wake sikuwa nimeuona. Nyumba yake ilikuwa chini ya korongo ambalo watu wa pale waliliita kwa neno la Kiteso lenye maana ya koo, nasi tukaliita Koo. Lilimeza kijito juu, upande wa Kocholia, likakitapika chini karibu na mto. Kulipita kulichukua nusu saa, na ndani mlikuwa na njia moja tu, kati ya ukuta wa mawe na maji, sehemu nyingine ikiwa na upana wa mlango. Mama Asekenye aliipita kila siku kwenda shambani kwake juu. Sisi tulipangiwa kuipita kila Jumanne na kila Ijumaa. Shida unaiona. Mtu akikutana na mkwewe barabarani, mmoja huingia kichakani yakaisha. Kwenye Koo hapakuwa na pa kuingia. Mara ya kwanza tulipokutana naye Okware alipanda ukutani na kitambaa chake cheusi, akang'ang'ania kama mjusi, mimi nikaingia majini mpaka kiunoni na kugeuza uso, na mama akapita mbio katikati yetu amejifunika leso kichwani. Baada ya aibu hiyo wakajiwekea utaratibu bila kusema neno. Okware aligonga debe mara tatu kabla hatujaingia, naye akilisikia alijificha nyuma ya jiwe mpaka tupite. Yeye akiwa ndani, aliimba kwa sauti kubwa ili sisi tungoje. Debe na wimbo, wiki baada ya wiki. Sijaona tena watu wawili walioheshimiana hivyo.

Mwezi wa sita Inspekta wetu, mtu wa kutoka Ukambani aliyekuja kila Ijumaa kwa pikipiki, alituita chini ya ukingo wa paa la duka, mvua ikinyunya. Alisema kuhesabu inzi hakutoshi. Watu walikuwa wakificha wagonjwa, na madresa, wale wauguzi wa zahanati, walikuwa wachache. Akanishika shingo mimi kuwa mfano, vidole vyake vikapita nyuma, chini ya nywele. "Hapa. Ukisikia kitu kama maharage, hiyo ni tezi. Huyo mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Akienda mapema anapona. Akichelewa, ugonjwa unaingia kichwa, na hapo ni Mungu." Akanipa kitabu chenye jalada gumu: jina, nyumba, na mbele yake neno moja, safi au tezi. Kila nyumba ya bondeni, alisema. Kila shingo.

Tulianza vizuri. Wazee walituchekea, akina mama walinipa shingo zao huku wakiendelea kumenya viazi. Kisha tukafika kwa Mama Asekenye. Alikuwa uani akikata muhogo, na aliposikia debe alitupa mgongo. Tulisimama nje ya ua kama watu waliokuja kuomba moto.

"Wewe nenda," Okware akaninong'oneza.

"Mimi nilikula kuku."

"Kweli, ulikula." Akafikiri. "Sasa nani atashika?"

"Tuite jirani."

"Jirani ashike shingo ya mama mkwe yangu, na mimi nimesimama hapa naangalia? Aibu gani hiyo?" Akageukia mti uliokuwa karibu, akauambia kwa sauti, "Mama! Serikali inauliza kama uko mzima!"

Mgongo ukajibu kwamba uko mzima.

"Andika safi," Okware akasema, na mabega yake yakashuka.

Nikaandika safi, kwa mwandiko wangu mzuri niliosifiwa nao shuleni. Sikuona kwamba nimesema uongo. Niliona nimefanya adabu, na wiki iliyofuata nikaandika tena, na ya tatu pia, bila hata kusimama.

Julai ilipofika wimbo ulikuwa umekoma. Tuligonga debe, tukangoja, kimya, tukaingia, na katikati ya Koo tukamkuta amekaa juu ya jiwe ametupa mgongo, kichwa kimeinama mpaka kifuani, leso imefunika uso. Hakukimbia wala hakujificha. Tulipita nyuma yake kwa ncha za vidole. Okware alimsalimu kwa kuusalimia ukuta, "Yoga," na hakujibiwa, na hilo pia lilikuwa sawa, kwa sababu mama mkwe mwenye heshima zake hajibizani ovyo na mkwe. "Umeona?" Okware aliniambia tulipotoka juani. "Sasa amekaa kama wale mama mkwe wa zamani kabisa." Tukipita nyumbani kwake alasiri, mlango ulikuwa umefungwa. Jirani alisema amelala. Okware alisema hajalala, amesikia tunakuja. Siku nyingine alitutumia chakula kupitia kwa huyo jirani, kama ilivyopasa, na atapa ilikuwa mbichi katikati, na mboga ilikuwa na mchanga. Nilimtazama Okware. Alikuwa akitafuna mchanga ule polepole, macho yametoka. "Chakula cha ukweni hakikosolewi," akasema, akaendelea.

Jumapili moja nilikuwa nimekaa nje ya nyumba ya Okware huko Chakol, nimeegemea ukuta wa jikoni. Ndani Asekenye, tumbo lake limeshakuwa kubwa na safari za mabondeni zimemshinda, alikuwa akimenya njugu na mwanamke aliyetoka kwao. Yule mgeni alikuwa akimsifu mama. "Mama yako anajua ukwe, jameni. Wengine siku hizi wanapiga domo na wakwe sokoni. Yeye anainamisha kichwa, haongei. Hata kama mkwe hayuko." Akacheka. Maganda ya njugu yalikuwa yakianguka kwenye ungo, kisha yakaacha kuanguka. "Hata kama mkwe hayuko?" Asekenye aliuliza. Mgeni akasema ndiyo, hata akiwa peke yake shambani, na jembe mkononi. Nilisikia swali lile na kimya kilichofuata. Nililipwa mshahara ili nisikie jambo kama hilo. Nilisimama nikaomba maji ya kunywa, nikasema jua limekuwa kali, nikaondoka. Kati ya yote niliyofanya mwaka ule hilo ndilo linaloniuma zaidi, na wala si jambo nililofanya.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane tuliingia Koo saa nane mchana. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mlima Elgoni lakini juu yetu kulikuwa na jua. Okware alitangulia na kitambaa, akagonga debe, tukangoja kuliko kawaida, tukaingia. Tulikuwa tumefika pale penye upana wa mlango nilipoona mabega yake yamepanda. Mama Asekenye alikuwa anakuja. Alikuwa anatembea katikati ya njia, kichwa wazi, leso inaburuta nyuma kwenye tope, na macho yake yalikuwa yanatutazama moja kwa moja.

"Mama, ni mimi!" Okware alipiga kelele akiwa ameuangalia ukuta. "Ni mimi Okware, mama! Simama!"

Hakusimama. Alifika, akamshika Okware mkono juu ya kifundo, akatabasamu. Ndiyo mara ya kwanza niliona uso wake. Ulikuwa umevimba, na ulikuwa mzuri. Akamwambia kwa Kiteso, nami wakati huo nilishakijua cha kutosha, "Umechelewa. Chumvi iko wapi?" Alikuwa anaongea na mumewe aliyekufa zamani. Okware alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akajinasua, kitambaa kikamfunguka, akapanda mawe mpaka juu ya kichwa changu na kujificha uso kwa mikono yote miwili. Mama alibaki ameshika hewa. Akauliza chumvi tena. Kisha, katikati ya neno, akaketi chini njiani na kusinzia.

Mbung'o wawili walitua begani mwake na hakushtuka. Nilipiga magoti nikawafukuza. Nilijua kabla sijamgusa. Nikapeleka vidole nyuma ya shingo yake, chini ya nywele. Yalikuwepo. Maharage, upande wa kulia na upande wa kushoto.

"Okware, shuka. Ni malale."

"Umemgusa?"

"Nimemgusa."

"Barasa, umetuua."

"Tumemuua yeye! Miezi miwili tunaandika safi. Ile kuinama si heshima, ndugu yangu. Alikuwa mgonjwa. Alikuwa analala mbele yetu na sisi tunamsifu."

Ngurumo ilipiga mbali, nikatazama maji, na maji yalikuwa yamebadilika rangi. Yalikuwa ya udongo mwekundu, yanabeba majani na povu. Mvua ya mlimani ilikuwa inateremka. Kurudi chini kulikuwa mbali zaidi, na tungejikuta upande wa mto usio na barabara. Ilibidi kupanda. Nilimfunga Mama Asekenye mgongoni kwangu kwa kile kitambaa cheusi, kama mtoto, miguu yake mirefu ikigonga magoti yangu, na kichwa chake kikaniangukia begani. Okware alitangulia. Hakugeuka hata mara moja. Alikata mizizi kwa panga, akaniambia pa kukanyaga, "Kushoto, jiwe inateleza, kulia," akiongea na hewa iliyo mbele yake, na mbung'o wakanifuata kwa ajili ya kitambaa na kuniuma masikioni nisiweze kuinua mkono. Maji yalikuwa kwenye vifundo, kisha kwenye magoti. Mama alikuwa akiamka na kulala. Akiamka alinilaumu juu ya chumvi.

Karibu na juu njia inapanda ngazi moja ya jiwe, kimo cha kifua. Peke yako unairuka. Ukiwa na mtu mgongoni huwezi. Okware alisharuka, amesimama juu yangu, amenipa mgongo.

"Mshike," nikamwambia.

"Siwezi."

"Mimi nitasukuma, wewe vuta. Mara moja tu."

"Barasa, toa macho yangu, lakini usiniambie nimshike. Asekenye ana mimba. Hujasikia mjomba alisema nini?"

Maji yalikuwa yamenifika kiunoni. Nilikuwa na hofu, na hofu ikageuka hasira, nikamwambia maneno ambayo nimeyajutia na nisingeyarudisha. "Basi nitakaa hapa na yeye. Wewe nenda kwa Asekenye, umwambie mama yake amekufa maji, lakini wewe ulikuwa na adabu."

Akavua shati. Alilikunja mikononi mwake mara mbili, ngozi isiguse ngozi, akafumba macho, akageuka na kuinama. Nilimfungua mama nikamwinua mpaka mikono yangu ikakauka, Okware akapapasa hewani kama kipofu, akamshika chini ya makwapa na kumvuta. Alikuwa analia kwa sauti, machozi yanapita chini ya kope zilizofumbwa, anasema "Mama nisamehe, mama nisamehe, mama nisamehe," mpaka mama yuko juu. Mimi nilipanda nyuma yao sijui vipi. Kitabu cha shingo kilikuwa kiunoni kwangu nilipoingia Koo, na nilipotoka hakikuwepo.

Lori la pamba lilitubeba mpaka hospitali ya misheni. Inspekta alikuja kesho yake. Kitabu kilikuwa kimekwenda na maji, na hakuna aliyejua nilichoandika ila mimi na Okware, na Okware hakuwa akiongea. Nikamweleza Inspekta yote, kuku, mti, na lile neno safi. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia yake ya pikipiki tumboni. "Nyumba ngapi nyingine?" aliuliza. Nikasema ni hiyo tu. "Una hakika? Na wenzako wa mabonde mengine, wao hawana mama mkwe?" Tulidhani atatufukuza, lakini alisema akitufukuza hajui atapata wapi vijana wasio na ukwe nchi hii. Tulirudia mabonde yote tukifuatana na bibi mmoja mkunga, ambaye alishika shingo zote ambazo sisi hatukuweza, na katika nyumba ambazo tayari zilikuwa zimeitwa safi tulipata wengine wawili. Wote wawili walikuwa wakwe wa wafanyakazi wenzetu.

Dawa ya siku zile iliingizwa kwenye mshipa na ilichoma kama pilipili. Sista mkuu wa wodi ya wanawake, mama mnene aliyezaliwa Pwani, alituambia bila kuficha kwamba kuna wanaouawa na ugonjwa na kuna wanaouawa na sindano. Okware hakuvuka ua wa hospitali. Kila siku baada ya kazi alikuja kukaa kwenye nyasi nje, akiutazama ukuta wa wodi. Wazee wa kwao walikuwa wamesema kuna mbuzi wa kuondoa laana, lakini mbuzi huyo huchinjwa aliyeguswa akiwa hai, naye akubali kusamehe. Akifa kabla, basi. Okware hakula vizuri. Alikonda, akawa anavaa mikono mirefu hata kwenye joto ili asione mikono yake. Asekenye alikuwa amebakiza wiki chache ajifungue, na usiku Okware aliamka, akaweka sikio kwenye tumbo la mkewe na kusikiliza. Asekenye ndiye aliyenieleza hilo, miaka mingi baadaye.

Wiki ya sita sista alitoka mlangoni akanipungia mkono. "Njoo umwone mama yako. Leo amekula."

"Siwezi kuingia, sista. Ni mkwe."

"Ah, wacha mambo yako! Mgonjwa hana mkwe." Akanishika mkono, na alikuwa na nguvu, akaniburuta mpaka ndani ya wodi.

Mama Asekenye alikuwa ameketi kitandani ameshika bakuli la uji. Aliinua macho akaniona. Bakuli lilianguka likavunjika. Alivuta blanketi likamfunika mpaka utosini, akajigeuza ukutani, akakunja magoti na kutulia kimya, mgongo wake umenielekea.

"Ole wangu!" Sista alijipiga kifuani. "Yamemrudia! Asubuhi alikuwa akizungumza vizuri, na sasa tazama, ajificha, hasemi! Mwiteni daktari upesi!"

Kabla hajafika mlangoni, sauti ilitoka chini ya blanketi. Ilikuwa kali, ya haraka, ya Kiteso, haikukosea neno. Nilitoka mbio kabla haijamaliza, nikamkuta sista koridoni, nikamshika mikono yote miwili. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. "Sista, usimwite daktari," nikamwambia. "Amepona."

Okware alikuwa ameshasimama kwenye ua, ameshika waya. "Amefanya nini?"

"Amenipa mgongo."

Alinitazama kwa hofu. "Mgongo gani?"

"Wa kweli. Amenitukana."

Akaketi kwenye nyasi. Akauliza, "Amekutukana aje?"

Nikamwambia kwamba mama amesema: ni mjinga gani amemwingiza mkwe wangu kwenye chumba cha wanawake, na huyo mkwe mwenyewe hana haya, amelelewa na fisi?

Okware akaniomba nirudie.